Nilipojibu kwa Jina la Mwihaki

Jumatano, 16 Januari 2008

Mwalimu mkuu ametuma ujumbe: shule itafunguliwa Jumatatu, walimu wote waripoti. Walimu wote! Tulikuwa kumi na saba. Wanne hawapo, na hakuna anayeuliza wako wapi. Nimeanza daftari hili kwa sababu nikimweleza Mama ananiambia nisali, na nikimweleza mdogo wangu Kipkoech anatoka nje.

Niliyekuwa nikimweleza ni Mwihaki. Tumefundisha pamoja miaka minne hapa Kesses, yeye Kemia, mimi Biolojia, meza moja katika ofisi ya walimu. Yeye Mkikuyu, mimi Mnandi, na kabla ya uchaguzi wa Desemba hilo lilikuwa jambo la kutaniana wakati wa chai. Tarehe moja mwezi huu yeye na mama yake walipanda lori lililosindikizwa na polisi, wakaondoka. Simu yake imezimwa tangu siku hiyo.

Alhamisi, 17 Januari

Imezimwa.

Jumamosi, 19 Januari

Leo nimefika mjini. Saiba ya Halima, duka lake la kompyuta na mtandao, imefunguliwa, ingawa mlango wa chuma ameuacha nusu. Halima ni Msomali, amekuwa na duka hilo tangu nikiwa chuoni, na huwa hapendi kuulizwa habari za siasa. Amenipa kompyuta ya pembeni, nikaingia kwenye kundi letu.

Niandike kundi ni nini, maana Mama akisoma hapa atadhani ni kanisa. Ni walimu wa nchi kumi na moja. Tunaandika masomo, tunayaweka mtandaoni bure, na mwalimu yeyote duniani anaruhusiwa kuyachukua, kuyachapisha, kuyapunguza, kuyaongeza. Sharti ni moja: somo halitoki mpaka walimu wawili wa mahali pamoja walitie sahihi, mmoja kama mwandishi, mwingine kama mkaguzi. Kesses tulikuwa mimi na Mwihaki. Somo letu linaitwa "Maziwa Yanayogeuka", jinsi mursik, maziwa yetu ya mgando, inavyochacha ndani ya kibuyu, na kazi ya ule mkaa wa mti wa senetwet unaopakwa ndani. Biolojia yangu, Kemia yake, kibuyu cha Mama.

Nimekuta ujumbe tisa. Wa kwanza wa Prakash, mwalimu wa Pune kule India, anauliza mkaa ni gramu ngapi. Gramu! Nimsomee Mama hilo acheke kidogo, hajacheka tangu Krismasi. Mwingine wa Ilze, anayefundisha Latvia na ndiye mratibu wetu: "Jeruto, Mwihaki, tumeona habari. Mko salama?" Amerudia mara tatu, siku tatu tofauti.

Nimejibu upande wangu. Halafu nimefanya jambo. Mimi na Mwihaki tuna maneno yetu ya siri katika daftari moja, kwa sababu mjini ni mbali, na anayefika anahifadhi kazi za wote wawili. Tumefanya hivyo mwaka mzima. Basi nimeingia kwa jina lake kuhifadhi maswali aliyoniachia kabla ya Krismasi, na kisanduku chake kikafunguka na salamu ya Ilze. Nikajibu: "Niko salama, asante. Na wewe?"

Sikufikiri. Mtu akikujulia hali unasema salama, hata kama umetoka kuzika. Baadaye ndipo unaketi na kusema yaliyokupata. Kila mtu anajua hivyo. Ila sasa nikiwa nyumbani najiuliza kama kule Latvia wanajua.

Jumatatu, 21 Januari

Shule imefunguliwa. Wanafunzi sitini na mmoja kati ya mia mbili na kumi. Kiti cha Mwihaki kimewekewa makoti.

Jumamosi, 26 Januari

Jirani ameniambia alimwona Mwihaki uwanja wa maonyesho, kwenye kambi ya waliofukuzwa, akipanga foleni ya maji. Nimeenda. Nilikuwa na sukari, kanga mbili na daftari la maswali.

Nilifika langoni. Watu ni wengi, hema ni nyingi, na moshi wa kuni mbichi unaingia machoni. Mzee mmoja aliyevaa koti la suti na ndara akaniuliza, vizuri kabisa, "Mama, unatafuta nani?"

Nikasema, "Hakuna." Nikaondoka.

Mbona nilisema hakuna? Niliogopa aniulize jina langu, ajue mimi ni Mnandi. Na nani angenidhuru pale, akina mama wenye watoto mgongoni? Nimerudi na sukari yangu. Mama amenitazama akanyamaza, na kwa Mama kunyamaza ni matusi.

Jumanne, 29 Januari

Niliandika juu kwamba nikimweleza Kipkoech anatoka nje. Niandike kwa nini.

Kipkoech ana miaka ishirini na sita, anaendesha trekta za watu. Tarehe moja Januari alitoka asubuhi na kurudi saa kumi jioni. Koti lake lilinuka tairi lililochomwa. Alikataa chakula. Siku hiyo, pale kwenye daraja dogo, vijana walikuwa wameweka mawe barabarani, na lori la akina Mwihaki lilipita hapo. Lilipigwa mawe. Mama yake Mwihaki alipasuliwa kichwa. Hilo nililisikia dukani siku ya pili.

Leo nimemuuliza kwa mara ya kwanza. Alikuwa akifunga kamba ya ndama.

"Ulikuwa darajani?"

"Wacha maswali mingi, Jeruto."

"Nakuuliza ulikuwa huko ama hukuwa."

"Nilikuwa nimesimama tu. Kila mtu alikuwa amesimama."

"Na mkononi ulikuwa na nini?"

Akaachilia ndama akaenda. Ndama ameshinda akinyonya, kwa hiyo leo hakuna maziwa ya jioni.

Jumamosi, 9 Februari

Kwa Halima tena. Ilze ameandika barua ndefu kwa Mwihaki. Shule yake ina nafasi ya mwalimu mgeni kwa muhula mmoja, kuanzia Aprili. Nyumba ipo, tiketi ipo, na watasaidia visa. Wameamua apewe mmoja wa walimu wa kundi aliyefukuzwa kwake. "Umesema uko salama na nimefurahi sana. Lakini nisamehe nikikuuliza tena: uko nyumbani kwako? Kama hauko, nafasi hii ni yako. Nahitaji jibu kabla ya mwisho wa Februari."

Nimeisoma mara nne. Sijajibu. Nimepiga simu ya Mwihaki mara saba nikiwa nimesimama nje ya saiba. Imezimwa.

Jumapili, 10 Februari

Kanisani mhubiri amesema tusameheane. Watu wakaitikia amina kubwa sana. Sijui nani alikuwa anamsamehe nani, maana wenye kudai msamaha hawakuwepo.

Jumamosi, 16 Februari

Nimerudi uwanjani. Safari hii niliingia. Nilitembea kati ya hema na kumtaja kwa kila mtu. Mwanamke mmoja aliyekuwa akichambua maharagwe alisema, "Mwalimu na mama yake mwenye bendeji? Hao walienda na basi wiki jana. Wengine walishukia Nakuru, wengine walienda mbele." Basi. Nimemkosa kwa wiki moja. Ningeingia ile siku ya sukari ningemkuta.

Ijumaa, 22 Februari

Hakuna mvua. Vumbi limeingia mpaka kwenye chaki.

Jumatano, 27 Februari

Nimeomba ruhusa nusu siku, nimeenda mjini. Leo nitaandika yote hata kama mkono utauma.

Halima aliniona nimekaa mbele ya kompyuta bila kugusa kitu. Akasema, "Mwalimu, leo umekaa kama mtu amekuja kuiba."

"Natafuta maneno."

"Maneno ama uongo? Uongo ndio hutafutwa. Ukweli huwa umekaa hapo tu."

Angejua! Niliingia kwa jina la Mwihaki. Nilikuwa na njia tatu. Ya kwanza, niandike kwa jina langu kwamba simjui aliko, na ile salamu niliijibu mimi. Ya pili, nikubali kwa niaba yake na kisha nimtafute. Ya tatu, nikatae.

Nilianza na ya kwanza. Niliandika, "Ilze, Mwihaki hayuko nyumbani." Nikajua swali litakalofuata. Walimu hawa ni wadadisi, ndiyo sababu walianzisha kundi. Wangeuliza alifukuzwa na nani. Ningesema majirani. Wangeuliza majirani gani, wewe ulikuwa wapi, umemwona lini mara ya mwisho. Na mimi ninakula meza moja na aliyesimama darajani. Nikafuta.

Nikaandika kwa jina lake: "Asante sana kwa moyo wako. Niko nyumbani na shule imefunguliwa. Tafadhali mpeni mwingine mwenye shida zaidi." Nikabonyeza.

Sasa kwa nini? Nimejiambia ni kwa sababu ya Kipkoech. Halafu nimejiambia ni kwa sababu sikuwa na haki ya kumkubalia mtu safari. Lakini haki ya kumkatalia niliipata wapi? Na kuna jambo jingine chini kabisa ambalo naliandika na kuona haya: sikutaka aende Latvia. Nilitaka arudi kwenye kiti chake, aniambie sentensi zangu ni ndefu, kila kitu kiwe kama Novemba. Nikisema yuko nyumbani, basi mahali fulani duniani kuna watu wanaoamini yuko nyumbani. Nimefundisha sayansi miaka tisa na hiyo ndiyo akili yangu.

Halima amekataa kunitazama nikitoka, au nimedhania tu.

Ijumaa, 29 Februari

Jana wakubwa walitia sahihi mkataba wa amani Nairobi. Dukani watu wanapeana mikono. Kipkoech amecheka kwa mara ya kwanza mwaka huu, halafu akaona nimemtazama, akaacha.

Jumamosi, 8 Machi

Ilze amemjibu "Mwihaki": nafasi imepewa mwalimu wa nchi nyingine, na anamshukuru kwa ukarimu. Kundi zima limesifu. Prakash ameandika kwamba walimu wa Kesses wana moyo wa ajabu. Niliinuka nikaenda kunywa maji.

Na bado nimeendelea! Prakash ameuliza tena habari ya mkaa, nikampigia Mama simu, Mama akasema, "Mwambie ni mpaka kibuyu kikubali." Nimeandika hivyo kwa jina langu, na kwa jina la Mwihaki nimeongeza maelezo ya asidi. Ni maelezo mazuri. Nimeiga mpaka nukta zake.

Jumatano, 19 Machi

Mvua ya kwanza. Kipkoech analima mashamba ya watu tangu alfajiri. Kuna mashamba hayajalimwa na hakuna anayeyataja, trekta zinayapita.

Jumamosi, 22 Machi

Somo limekamilika. Bado sahihi mbili. Sikuweka hata moja. Niliwaambia wa kundi kompyuta imegoma.

Jumanne, 1 Aprili

Mvua. Mitihani. Watoto wawili wa Kidato cha Nne wamerudi kutoka Turbo, mmoja hataki kukaa karibu na dirisha.

Jumamosi, 5 Aprili

Leo nilikusudia kumaliza. Niliweka sahihi yangu kama mwandishi, kisha nikaandika jina la Mwihaki na neno lake la siri ili niweke ya mkaguzi. Kompyuta ikasema neno si sahihi. Nikaandika tena, polepole, herufi moja moja. Si sahihi. Mara ya tatu.

Nikamwita Halima, "Kibodi yako ina shida."

Akaja, akajaribu, akasema, "Kibodi iko sawa. Mwenye akaunti amebadilisha."

Nikapiga kelele. "Yuko hai!" Watu wote wa saiba wakageuka. Nilimkumbatia Halima, nikaruka kama mtoto. Sikujua mpaka dakika ile kwamba nilikuwa nimeanza kuamini amekufa.

Ndipo nikamwachilia. Kama ameingia, amesoma. Kila neno. Niko salama, asante. Niko nyumbani. Mpeni mwingine mwenye shida zaidi. Ameyasoma yote yakiwa na jina lake juu.

Halima alinivutia kiti. "Sasa ni furaha ama ni kilio?"

Nikamwambia yote. Alisikiliza huku akipanga karatasi za printa. Mwisho akasema, "Umemjibia mtu salamu akiwa kwa hema."

"Sikujua aliko."

"Hiyo ndiyo mbaya zaidi, mwalimu. Mtu akikuuliza na hujui, unasema sijui."

Jumapili, 6 Aprili

Sikwenda kanisani. Nimemwambia Mama naumwa tumbo.

Jumamosi, 12 Aprili

Hakuna ujumbe kutoka kwa Mwihaki. Kundi halijui kitu. Amesoma na amenyamaza. Kwa nini hanifichui? Angeandika mstari mmoja tu ningefukuzwa kundini leo. Ananihurumia? Ananidharau? Ananipa muda? Mwihaki ninayemjua hanyamazi hata akikosewa hesabu ya vikombe vya chai. Au simjui. Labda miaka minne nilimjua Mwihaki wa ofisini, na huyu wa hema ni mwingine ambaye sijawahi kuonana naye.

Jumanne, 15 Aprili

Mahindi yameota. Nimemrushia Kipkoech kikombe, kwa sababu alisema chai haina sukari. Hakikumpata. Amekiokota na kukiosha.

Jumamosi, 19 Aprili

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu imeishia hapa. Nimeandika kwa kundi zima, kwa jina langu:

"Mimi Jeruto nimekuwa nikiandika kwa jina la Mwihaki tangu Januari. Mwihaki alifukuzwa kwake tarehe moja Januari. Alikaa kambini na mama yake aliyejeruhiwa. Hakuwa salama na hakuwa nyumbani. Nafasi ya Latvia hakuikataa yeye, niliikataa mimi, na hakujua kama ipo. Sikuwa na haki. Somo lisitoke."

Kisha nimemwandikia Mwihaki peke yake. Hiyo imechukua saa mbili. Nimemwambia habari ya langoni na sukari. Nimemwambia Kipkoech alikuwa darajani, anasema alisimama tu, na sijui mkononi alikuwa na nini, na nimekula naye kila siku bila kuuliza mara ya pili. Nimemwambia nilificha hilo, na kwa ajili ya kulificha nikamficha yeye. Sikuomba msamaha kwa maneno mengi. Niliomba mara moja.

Jumamosi, 26 Aprili

Ilze amenijibu kwa upole, na upole wake unachoma. Nimeondolewa kwenye kundi kama mwandishi mpaka mwaka uishe. Prakash hakusifu moyo wa mtu. Ameuliza tu, "Lakini kwa nini?" Sijamjibu. Nikijua nitamwambia.

Nafasi imekwenda, hairudi. Ilze amesema atatafuta nyingine, hakuahidi.

Jumamosi, 3 Mei

Mvua kubwa. Barabara imekatika. Sikufika mjini.

Jumamosi, 10 Mei

Nimefika nikiwa nimelowa mpaka mfupa. Halima akanipa taulo la kufutia meza, akasema, "Iko barua yako moja tangu Jumanne. Hujafungua simu?" Simu yangu haina mtandao wa kusoma barua, anajua, ndiyo maana nilimwomba aniangalizie kisanduku changu, ila anapenda kunitania.

Ni Mwihaki. Nanakili yote, si ndefu.

"Jeruto. Niko Nakuru kwa shangazi. Mama anaona vizuri kwa jicho moja. Nafundisha watoto wa kambi hapa, na nimewapa maswali yetu ya maziwa, kwa sababu ni bure na yangu pia. Latvia ningekwenda. Ujue hivyo, usijidanganye kwamba ningekataa. Sitarudi Kesses. Kuhusu Kipkoech: nilimwona. Tulipita karibu naye kama kutoka dirisha la ofisi mpaka meza yetu. Nilijua tangu siku ile. Nilipoona umeandika kwa jina langu nilinyamaza, nikangoja uniambie wewe. Umechukua muda mrefu. Mwihaki."

Nilikaa pale mpaka Halima akaniambia saa yangu imekwisha, halafu akasema nikae tu.

Nilifika nyumbani saa nane mchana. Kipkoech alikuwa mezani anakula ugali na sukuma, peke yake, Mama yuko kwa jirani. Mvua ilikuwa inapiga mabati, ikabidi niseme kwa sauti.

"Mwihaki alikuona darajani."

Hakuinua kichwa. "Najua."

"Unajua vipi?"

"Tuliangaliana."

Miezi minne! Nimeficha, nimedanganya watu wa nchi kumi na moja, nimemnyima mtu muhula mzima wa usalama, ili jambo hili lisijulikane. Na waliokuwa wakilijua ni wao wawili, tangu siku ya kwanza. Nilicheka, sijui kwa nini. Kicheko kilikuwa kibaya, mimi mwenyewe sikukipenda.

"Ulirusha?" nikamuuliza.

Alirudisha tonge kwenye sahani.

"Moja," akasema. "Sijui ilipata nani."

"Mama yake anaona kwa jicho moja."

Akaanza kulia. Sijawahi kumwona akilia tangu baba afe. Sikumshika. Nilitaka na sikutaka, na mwisho nikabaki nimesimama kando ya jiko na koti langu linadondosha maji sakafuni.

Baadaye akasema, "Mwandikie useme nimesema pole."

"Mimi? Mimi nimeshaandika vya kutosha kwa majina ya watu." Nikachana karatasi katikati ya daftari hili, nikaiweka mbele ya sahani yake na kalamu juu yake. "Andika mwenyewe. Nitaipeleka."

Alivuta karatasi. Mpaka mvua ilipokata alikuwa ameandika maneno mawili tu, Mwalimu Mwihaki, na bado alikuwa ameinama juu yake.